Kiburi, Fahari na Ukombozi: Maneno Mawili ya Isaya Yakisomwa Kilwa

Historia ya tafsiri za Biblia katika Kiswahili imekwisha kuandikwa na wengi: nani alianza, kwa lahaja gani, na kwa msaada wa chama gani. Juu ya maneno yenyewe yameandikwa machache, na juu ya maneno ya manabii machache zaidi. Injili husomwa kila Jumapili na Zaburi huimbwa, lakini Isaya na Ezekieli huachiwa wahubiri, nao huchota humo aya za vitisho kila zinapohitajiwa. Katika makala haya nakusudia kulishika neno moja la Kiebrania katika kitabu cha Isaya, yaani ga'on, na kuonyesha jinsi lilivyovunjika vipande lilipoingia katika Kiswahili. Kisha nitalitazama neno la pili, go'el, ambalo lilipatwa na mkasa ulio karibu na huo.

Tafsiri huandikwa mezani, walakini hupimwa mahali inaposomwa. Kwa hiyo naomba tumchukue msomaji mmoja, Mkristo wa Kinjumbi, katika nchi ya Wamatumbi upande wa kaskazini wa Kilwa. Nyumbani husema Kimatumbi. Kitabu chake ni cha Kiswahili. Jirani yake ni Mwislamu, na mara nyingi ndugu yake wa tumbo moja ni Mwislamu pia. Kusini kwake yapo magofu ya Kilwa Kisiwani, na bandari ya zamani ya Kilwa Kivinje. Karibu naye vipo vilima vilivyoanzia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mtu huyu amekwisha kufundishwa na nchi yake maana ya kiburi, hukumu na kuokolewa kabla hajafungua kitabu, na mfasiri asipoangalia maneno yake, nchi itasema kitu kimoja na kitabu kingine.

Neno ga'on latoka katika kitenzi chenye maana ya kupanda juu. Maji yakijaa huelezwa kwa kitenzi hicho, na majani yakirefuka vilevile. Kwa mtu wa pwani mfano ulio karibu ni bamvua: bahari imeinuka, imefunika mafungu na mizizi ya mikoko, wala hakuna anayeilaumu kwa kuinuka. Basi ndani ya jina lenyewe hamna lawama. Ni ukuu ulioonekana kwa macho, na lawama huja tukiuliza ni nani aliyeinuka, na mahali pa nani.

Isaya alitumia jambo hili kwa makusudi. Katika sura ya 2 ga'on ni ya Bwana, na watu wanajificha mapangoni mbele yake. Katika sura ya 13, mstari wa 19, ga'on ni ya Wakaldayo, wenye Babeli. Katika sura ya 14, mstari wa 11, ga'on ya mfalme wa Babeli imeshuka kuzimu pamoja na vinanda vyake. Katika sura ya 60, mstari wa 15, ga'on imekuwa ya Sayuni, naye amepewa. Msikilizaji wa Kiebrania husikia neno lile lile mara nne, kama mtu anayeiona kanzu moja ikivaliwa na mwenyewe, ikaibwa, akavuliwa mwizi, kisha mwenyewe akamvika maskini.

Sasa tufungue tafsiri ya Muungano, iliyotolewa nzima mwaka 1952 baada ya kupatanisha kazi ya Unguja ya 1891 na ile ya Mvita ya 1914. Katika sura ya 2, mstari wa 10, twakuta enzi. Katika 13:19, kiburi. Katika 14:11 na 60:15, fahari. Maneno matatu kwa neno moja. Siwalaumu wafasiri kwa haraka, maana tafsiri mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ililivunja neno hili vipande vitatu katika mahali hapo hapo. Tofauti ni hii: wale Waingereza hawakutia lawama katika 13:19. Lawama iliingia katika masahihisho yao ya mwaka 1885, na Kiswahili chetu chafanana na masahihisho hayo. Matokeo yake ni usemi wa ajabu kidogo katika sikio la Mswahili, yaani uzuri wa kiburi. Kiburi kina uzuri gani? Msomaji wetu wa Kinjumbi ataupita mstari ule akidhani kwamba nabii ametukana, na hali nabii alikuwa amesifu. Babeli ilikuwa nzuri kweli. Kama isingekuwa nzuri, kuanguka kwake kusingekuwa na maana ya kuandikiwa wimbo.

Hapa jirani Mwislamu aweza kumsaidia kuliko kamusi. Neno kiburi ni la Kiarabu, na shina lake ni lile lile la ukubwa. Katika Kiarabu shina hilo lina nyuso mbili kama ga'on: mwanadamu mwenye takaburi hulaumiwa, lakini Al-Mutakabbir ni mojawapo ya majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na limo katika Sura ya 59 ya Kurani. Iko na hadithi takatifu inayojulikana sana katika madarasa, ambamo ukuu umefananishwa na joho la Mungu, na mwenye kumnyang'anya joho hilo huadhibiwa. Hiyo ndiyo fikira ya Isaya hasa. Lakini Kiswahili kilipolipokea neno kiburi kiliuacha uso mmoja ng'ambo ya bahari. Hakuna Mswahili asemaye kiburi cha Mungu, wala hatutaki aanze kusema hivyo. Neno limekwisha kuwa jina la dhambi, basi halifai kubeba ga'on katika mahali pa utukufu; na kama halifai huko, yafaa tuogope kulitumia katika 13:19 pia.

Nini badala yake? Enzi lina heshima, na twalisikia katika Mwenyezi; bali siku hizi limeelekea upande wa wakati na utawala, kama tusemapo enzi za Wajerumani, wala halionyeshi kitu cha kutazamwa. Utukufu limekwisha kutumiwa kwa neno jingine la Kiebrania lililo na haki nalo. Fahari ndilo lililobaki, nami naona ndilo lililofaa tangu mwanzo. Asili yake ni Kiarabu cha kujisifu, lakini katika Kiswahili fahari ya mtu yaweza kuwa sifa njema au aibu, kwa kadiri ya mwenye nayo. Nyumba ya fahari husifiwa, na mtu apendaye fahari huchekwa. (Wako wanaoliunganisha neno hili na mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Ni maneno mawili yenye shina mbalimbali, ingawa sikio la watu limeyakaribisha, na mithali yenyewe haiko mbali na sura ya 2 ya Isaya.) Ajabu ni kwamba wafasiri wa 1952 walikuwa nalo mkononi. Walilitumia kwa mfalme aliyeshuka kuzimu, wakalitumia kwa Sayuni iliyoinuliwa. Lau wangalilitumia pia kwa Bwana katika sura ya 2 na kwa Wakaldayo katika sura ya 13, msomaji angaliona kanzu ile moja mara nne.

Kwa msomaji wa Kilwa jambo hili si la wanazuoni peke yao. Ibn Battuta aliufikia mji wa Kilwa mwaka 1331 akausifu. Msikiti Mkuu na kasri ya Husuni Kubwa vyaonyesha hata leo kwamba hakusema uongo: matumbawe yaliyochongwa, kuba, na birika juu ya jabali linalotazama bahari. Dhahabu ya Sofala ilipita hapo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliulazimisha mji kulipa kodi, na Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka, watu wake wakaupora, wakajenga ngome. Mhubiri akisimama katika nchi hii na Ezekieli mkononi, sura ya 26 mpaka ya 28, hapana budi atamwona Tiro. Naye Tiro alikuwa mji wa kisiwani, mwenye biashara ya mbali, uliofananishwa na merikebu nzuri iliyovunjwa na upepo katikati ya bahari. (Nasikitika kwamba upepo ule umeitwa kwa urefu upepo wa mashariki. Pwani walikuwa nao matlai, na neno moja la nahodha lingalitosha.)

Mahubiri ya namna hiyo ni mepesi, nami nayaona ni mabaya. Husema: Kilwa walikuwa na kiburi, Mungu akawahukumu, tazameni magofu. Mwenye kusema hivyo amechukua neno la lawama peke yake, kwa sababu tafsiri ilimpa hilo. Tena ameacha sura ya 10. Huko Isaya asema kwamba Ashuru ni fimbo tu mkononi mwa Mungu, na fimbo hiyo inapojidhani kuwa ndiyo mkono, hukumu huanza nayo. Shoka halina ruhusa ya kujisifu mbele ya mchanja kuni. Kwa kanuni hii wa kwanza kuulizwa habari za mwaka 1505 si sultani wa Kilwa, ni Almeida. Wareno wenyewe waliiacha ngome yao ya Kilwa mwaka 1512. Sitaki kuifanya habari hiyo kuwa hukumu ya Mungu, kwani ningekuwa nimeanguka katika kosa lile lile. Nasema tu kwamba nabii hakutupa njia ya kuyasoma magofu ya mtu mwingine bila ya kujiuliza habari za shoka letu wenyewe.

Juu ya neno hukumu lenyewe sitakawia. Kiebrania mishpat ni hukumu na ni haki pamoja, na wafasiri, kwa kuona kwamba hukumu peke yake husikika kama adhabu ya barazani, mahali pengine wameandika hukumu ya haki. Wamefanya vema.

Neno la kuokoa lataka tahadhari zaidi katika vilima vya Matumbi. Msomaji wetu wa Kinjumbi amesikia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka kuwa maji. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwezi uliofuata, tarehe 4, Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vilienea kusini yote mpaka mwaka 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula kuteketezwa, hukadiriwa toka 75,000 mpaka 300,000. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gwassa na kutolewa pamoja na Iliffe mwaka 1968 yametupa sauti za watu wenyewe. Na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya kusini, aliitunga tamthilia yake ya Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969.

Katika mafundisho ya dini Kinjikitile huwekwa haraka pamoja na manabii wa uongo, hasa yule Hanania katika Yeremia 28, aliyeahidi kwamba nira ya Babeli ingevunjwa kwa miaka miwili. Labda. Lakini mwenye kufundisha hivyo na aisome pia sura ya 37 ya Isaya. Mwaka 701 kabla ya Kristo Senakeribu wa Ashuru aliuzingira mji wa Yerusalemu, na Isaya aliahidi kwamba hata mshale mmoja usingeingia mjini. Senakeribu mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alitwaa miji 46 ya Yuda, akamfungia Hezekia kama ndege katika tundu. Wala hakuandika kwamba alimtoa tunduni. Ahadi ilitimia. Je, mtu aliyesimama ukutani siku ile angaliwezaje kuipambanua ahadi ya Isaya na ahadi ya Ngarambe? Zote mbili zilisema kwamba silaha za mwenye nguvu hazitafaa kitu.

Jibu, kama lipo, limo katika yaliyofuata. Baada ya miaka mia moja watu wa Yerusalemu walikuwa wameigeuza ahadi ya Isaya kuwa hirizi. Walisema kwamba hekalu lipo, basi mji hauwezi kuanguka. Yeremia aliwapinga waziwazi katika sura ya 7, akashtakiwa kwa ajili ya maneno hayo katika sura ya 26, na mji ukaanguka. Kumbe neno la kuokolewa lililokuwa kweli mwaka 701 lilikuwa uongo vinywani mwa wajukuu, kwa sababu lilibebwa kama maji katika chupa, likitengwa na haki aliyoidai Isaya siku zote. Kipimo hiki ni kigumu kuliko kile cha kutazama nani alishinda. Chamgusa Kinjikitile, ni kweli. Chamgusa vilevile mhubiri anayeuza wokovu kwa maneno yaliyokaririwa. Nami naona si haki kumfundisha mtoto wa Kinjumbi kwamba babu zake walikuwa wajinga kwa kutumaini jambo ambalo Hezekia alisifiwa kwa kulitumaini.

Nije sasa katika go'el. Kuanzia sura ya 40 ya Isaya hasira juu ya mataifa yapungua, na Mungu aitwa mara kwa mara go'el wa Israeli. Tafsiri ya Muungano yasema mkombozi. Hapana budi tukumbuke kukomboa maana yake nini katika Kiswahili cha zamani: ni kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani, au kutoa mali ili mateka aachiliwe. Mkombozi ni mtu mwenye fedha. Lakini go'el, kwanza kabisa, ni mtu wa ukoo. Ndiye jamaa aliye karibu, mwenye haki na wajibu wa kulirudisha shamba la nduguye lililouzwa, kumtoa ndugu yake utumwani, hata kuitaka damu yake iliyomwagwa. Katika kitabu cha Ruthu wafasiri walilifahamu jambo hili, wakaandika jamaa aliye karibu. Walipofika katika Isaya waliuacha ukoo, wakashika malipo. Na ajabu ni kwamba katika sura ya 52 nabii mwenyewe ayakataa malipo: watu hawa waliuzwa bila bei, asema, na watakombolewa bila fedha. Kwa mkombozi wa Kiswahili maneno haya ni fumbo. Kwa go'el ni maneno ya kawaida, maana jamaa anadai kilicho chake.

Hasara hii ni kubwa zaidi katika pwani hii kuliko mahali pengine. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya kuwapakia watu waliotoka upande wa Nyasa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeanza kazi ya tafsiri ya Unguja, aliwachukua watu waliokwisha kuachwa huru toka Unguja mpaka Lindi, wakapanda bara wakakaa Masasi. Steere alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Unguja ilitoka mwaka 1891. Tumfikirie mmoja wa wazee wa Masasi akilisikia neno mkombozi. Alijua kukombolewa kwa mwili wake. Alijua bei, merikebu za kivita za Waingereza, na hati. Kitu kimoja ambacho uhuru ule haukumrudishia ni jamaa. Utumwa wa pwani ulianza kwa kumkata mtu na ukoo wake, na aliyeachwa huru Unguja alibaki mtu wa misheni, asiye na mjomba. Huyu ndiye aliyehitaji kuambiwa kwamba go'el ni ndugu, naye ndiye asiyeambiwa.

Tangu hapo neno limehama tena. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na kambi Nachingwea, katika mkoa huu huu wa Lindi. Kwa kijana wa leo ukombozi si kutoa fedha, ni kupigana. Maana mpya ina heshima yake, na pengine iko karibu na Isaya kuliko ile ya rehani, maana hainunui kitu. Lakini ukoo bado haumo.

Sipendekezi kulifuta neno mkombozi. Limekwisha kuingia katika nyimbo na majina ya watu, na mfasiri ashindanaye na nyimbo hushindwa. Yatosha kuandika maelezo chini ya ukurasa, katika Isaya 41:14 ambapo go'el latokea mara ya kwanza katika sehemu ile, yakimrudisha msomaji katika Ruthu 3; na mahali ambapo shairi laruhusu, kuandika jamaa mkombozi. Kwa ga'on napendekeza fahari katika 2:10 na 13:19, hali 14:11 na 60:15 zikibaki zilivyo. Mahali pagumu ni 16:6, habari za Moabu, ambapo maneno manne ya shina hilo moja yamerundikwa katika mstari mmoja, na baadhi yake ni ya lawama wazi. Huko fahari peke yake halitoshi. Nadhani fahari na lishike ga'on, na kiburi kishike ga'awah iliyo karibu nayo, ingawa mdundo wa Kiebrania utapotea. Mwenye shauri lililo bora kwa mstari huo na alitoe.